Nilimhukumu Rubani

Kwa miaka yote niliyofundisha historia hapa Mokambo, niliwaambia watoto kwamba Dag Hammarskjöld aliuawa na uzembe wa rubani wake. Nilitunga mtihani hivyo, na aliyejibu vingine nilimnyima alama. Nilikosea, tena mbele ya watoto walioniamini.

Kisa chenyewe ni cha kwetu. Septemba 13, 1961, askari wa Umoja wa Mataifa walianza kupambana na wa Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo, mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Siku nne baadaye Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja huo, aliondoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwenda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, ili vita visimame. Walikuwa wakutane Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu, ukishapita Mufulira, katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Ndege yake, Albertina, ilizunguka mbali upande wa Ziwa Tanganyika ili kuikwepa ndege ya kivita ya Katanga. Usiku wa manane, ikiwa imekaribia kutua, ilianguka msituni. Kati ya watu 16 waliokuwemo hakupona hata mmoja.

Sita walikuwa wanahewa kutoka Sweden: Per Hallonquist aliyeiongoza ndege, Lars Litton, Nils-Erik Åhréus, Nils Göran Wilhelmsson, Harald Noork, na Karl Erik Rosén wa redio. Sikuwahi kuyaandika majina haya ubaoni. Mkubwa nilimwombolezea kila Septemba. Waliokufa wakimtumikia niliwabebesha kifo chake.

Mwaka 1962 tume ya serikali ya Rhodesia ilimtwika rubani lawama. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka huohuo, haikuthubutu kutoa hukumu hiyo. Nilizijua zote mbili. Nilishika ile ya kwanza kwa sababu ilikuwa na jibu moja, na jibu moja ni rahisi kusahihisha.

Kuna baya zaidi. Mzee mmoja, mchoma makaa, alikuja darasani akasimulia yanayosemwa na wachoma makaa wa Ndola: kwamba usiku ule waliona ndege ya pili angani. Nilimkatiza. Nikawaambia watoto hizo ni porojo za porini. Alitoka bila kuniaga, na sikumfuata. Ndivyo tume ile ya kikoloni ilivyowafanyia mashahidi Weusi, nami Mwafrika nikarudia.

Mwaka 2017 Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania aliyepewa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuchunguza upya, aliandika kwamba yawezekana shambulio au tishio la kutoka nje lilikuwa chanzo cha ajali. Hakusema imethibitika, nami sisemi. Nilisoma, nikanyamaza, nikaendelea kufundisha yaleyale hadi nilipostaafu.

Nyinyi mliopita mikononi mwangu, wengine sasa ni walimu: lifuteni jibu lile. Hatia ya Hallonquist na wenzake haijathibitishwa. Waandikeni wote sita ubaoni, na mzee akija kusimulia, mpeni kiti.