Mpira wa Mama

Dodoma mvua ina msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Miezi iliyobaki, ardhi ya uani kwetu ilikuwa ngumu kama tofali, na bado Mama alilima. Alikuwa na mizabibu michache iliyotambaa kwenye waya, tuta la mchicha, na mpapai. Vyote viliishi kwa mpira mmoja wa kumwagilia, wa kijani, wa robo tatu inchi, ambao tulikua tukiukuta una viraka mwili mzima. Kuutupa halikuwa wazo la nyumbani kwetu.

Uliumizwa na mengi: jembe lililopitiliza, panya wa stoo, mkunjo pale karibu na bomba. Lakini adui wake hasa alikuwa jua. Plastiki ile ikianikwa mwaka hadi mwaka hupoteza ulaini, hupauka, na siku unapoikunja inapasuka. Kisha kulikuwa na mgao wa maji. Maji yalirudi usiku, hewa ikitangulia kukoroma bombani, halafu yakaja kwa nguvu zote. Hapo ndipo tobo jipya lilipojitangaza, nasi tukatoka na tochi.

Tobo dogo lilitibiwa kwa tyubu ya baiskeli. Mafundi wa pale Soko la Majengo walikuwa na tyubu zilizochoka, wakatupatia bila kinyongo. Mama alikata utepe wa upana wa vidole viwili, akaukausha mpira kwa kitambaa, akaanza kuzungusha kutoka mbali kidogo na tobo, kila mzunguko ukipanda nusu ya uliotangulia. Siri yote ilikuwa kuvuta. Aliivuta raba mpaka ikawa nyembamba, kwa sababu raba iliyovutwa hutaka kurudi, na katika kurudi kwake inabana. Selotepu ya umeme, ambayo majirani waliipenda, haikuwa na nguvu hiyo; gundi yake ilipopata unyevu tu, iliachia.

Palipopasuka kwa urefu, utepe haukusaidia. Hapo alikata. Alikata kwa kisu kikali, wima, akarudi nyuma kila upande mpaka akute plastiki ambayo bado ni laini. Nilikuwa nikiumia kuona mpira unafupishwa, naye hakuona huruma hata kidogo: kiungo kilichofungwa kwenye plastiki iliyokufa kingepasuka tena pembeni yake.

Kiungo chenyewe kilikuwa kipande cha bomba la chuma la nusu inchi, kirefu kama kiganja, kingo zake zimesuguliwa kwa tupa zisikate. Vipimo hivi bado navipenda. Bomba la nusu inchi, kwa nje, lina kama milimita 21. Mpira wa robo tatu, kwa ndani, una milimita 19. Kwa hiyo bomba haliingii, na hilo ndilo jema lake. Mama alichovya ncha ya mpira kwenye maji ya moto, plastiki ikalegea, akasukuma bomba huku akilizungusha. Ilipopoa, ilikuwa imelikumbatia. Juu yake alifunga waya wa nondo, mizunguko miwili kila upande, akakaza kwa praizi na kuacha kabla waya haujaanza kuzama, maana ukizama unakata. Ncha za waya alizilaza chini zisije zikachoma miguu yetu.

Baada ya hapo kulikuwa na sheria moja aliyoisimamia kuliko zote. Ukimaliza kumwagilia, funga bomba, mwaga maji yote yaliyobaki ndani, kunja mpira uweke chini ya mwarobaini. Mpira uliojaa maji ukiachwa juani unapata moto, plastiki inalegea kama ilivyolegea kwenye yale maji ya moto, na viungo vinachomoka.

“Maji haya yametoka visimani Mzakwe huko,” alituambia, “yasije yakaishia njiani, wanangu.”

Mwisho mpira ulikuwa mfupi kiasi kwamba haukufika tena kwenye mizabibu. Akaukatakata. Vipande vidogo akavivalisha kwenye vipini vya waya vya ndoo, vikatuokoa vidole tulipobeba maji. Vilivyobaki akavipasua, akavizungusha kwenye mashina ya mizabibu, mahali ambapo waya wa kuyashikilia ulikuwa unayachubua.