Mwenye Kuamuru Ajifunze Kwanza Kutii



Karani wa parokia huketi karibu na mlango ambao vijana wengi hupita wanapotoka kijijini kwenda kutafuta maisha. Wakitaka kuoa, huja mezani pake. Wakihamia mjini, huja. Na kila litokapo tangazo la kuandikisha vijana jeshini, huja kuomba cheti cha ubatizo, maana wapo wasio na cheti cha kuzaliwa, na kile cha ubatizo huwasaidia kukipata serikalini. Nafungua kitabu, natafuta jina la mtoto, la wazazi na la msimamizi wake, naandika, napiga mhuri. Nikiisha kupiga mhuri huwauliza, "Waenda kutafuta nini huko?" Wengi hujibu, "Kazi." Wachache hujibu, "Kulitumikia taifa." Mmoja tu alinijibu bila kuzunguka: "Nataka nyota begani." Huyo alikuwa mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja.

Naandika habari yake kwa sababu najua nyumba nyingi zenye kijana wa namna hiyo, na mama mwenye mashaka kama mama yetu.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha sita, akapitia JKT kwa mujibu wa sheria, akaenda chuo kikuu, akarudi Magamba na shahada yake bila kazi. Hakukaa kijiweni. Aliingia mafunzo ya mgambo, ambayo kwa jina la serikali ni mafunzo ya Jeshi la Akiba. Akajifunza kwata, silaha ndogondogo, kusoma ramani, ujanja wa porini na huduma ya kwanza. Tangu hapo alikuwa mguu ndani, mguu nje. Leo ameitwa kulinda mkutano, kesho yuko shambani akipalilia viazi na kupakia kabichi za mama kwenye gari la Dar es Salaam. Jioni alivua buti mlangoni, akala ugali na sisi. Baadaye jeshi lenyewe likamwita, na baada ya mafunzo ya kwanza akachaguliwa kwenda Monduli kusomea uofisa. Akihitimu, Rais ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu humtunuku kamisheni, naye huvaa ile nyota moja ya Luteni Usu.

Mimi nilishangilia. Mama alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaniita jikoni.

"Mgambo ilimtosha," akasema. "Akiitwa alikwenda, akimaliza alirudi kula kwangu. Huko anakokwenda harudi mpaka aruhusiwe. Wewe ndiwe uliyesomea ualimu, maneno unayajua. Mwandikie umwambie akatae."

Mama hakusema hivyo kwa woga wa bure. Kaka yake, yaani mjomba wetu, aliondoka hapa mgambo na jembe lake, akaenda vitani. Tukumbuke kwamba mwaka 1971, baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, TANU ilitoa Mwongozo wake, na nchi ikaanza kuwafundisha ulinzi wananchi wa kawaida vijijini na makazini. Watu waliona kama mchezo wa jioni wa kupanga mistari. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana. Jeshi lililokuwa na askari wapatao 40,000 likakua hata kupita 150,000, na inakadiriwa kwamba 40,000 kati yao walikuwa mgambo. Mkulima wa juzi akawa askari wa leo.

Mjomba alirudi mzima, Mungu ashukuriwe. Wapo wengine, mamia, waliozikwa Kaboya wilayani Muleba, nao twawakumbuka kila tarehe 25 Julai. Mjomba hapendi kusimulia vita. Lakini jioni ile mama alipomwita aje kunisaidia, au tuseme aje kumsaidia yeye, mzee alisema mambo mawili ambayo sijayasahau.

La kwanza ni la Lukaya, Machi 1979. Brigedi ya 201 iliyokuwa mbele ilikuwa karibu yote ya wanamgambo, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuonja mapigano. Makombora yalipoanza kuvuma, safu ikavunjika, watu wakatawanyika. "Katika hali ile," akasema mjomba, "bunduki unayo lakini huna akili. Unatafuta sauti moja tu unayoijua." Sauti hiyo ilikuwa ya maofisa wao, waliokwenda huku na huku wakiwakusanya na kuwapanga upya. Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ikaja kutoka upande mwingine, na tarehe 11 Machi adui akashindwa mahali pale pale. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikatekwa.

La pili ni dogo, lakini kwangu ndilo kubwa. Vita ile ilikwendwa sana kwa miguu. Mjomba alisema Luteni wao, kijana mdogo kuliko askari wake wengi, kila waliposimama jioni aliwaamuru wavue viatu. Akapita mmoja mmoja na tochi akitazama vidole na nyayo. Aliyechubuka alifungwa kitambaa, aliyekosa soksi alitafutiwa. Ndipo yeye mwenyewe alipokwenda kula, na mara nyingi alikuta sufuria tupu.

Mama akauliza, "Na yeye, nani alimtazama miguu?"

Mjomba hakujibu. Hata mimi sikuwa na jibu usiku ule.

Nilipokuwa nikitafuta la kumwandikia mdogo wangu, nilikumbuka habari nyingine ya milima yetu hii. Wengi tunapajua Sakharani, karibu na Soni, kwa ajili ya watawa Wabenediktini na mashamba yao. Jina hilo latoka kwa ofisa wa Kijerumani, Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, maana vitani alikuwa kama mtu aliyelewa. Alipigana na Mkwawa kule Uhehe, kisha akaacha jeshi, akaja Usambara kulima. Agosti 1914 vita vikuu vilipoanza, akaitwa tena, mtu wa miaka 48. Akapewa kuwaongoza walowezi wenzake, wakulima waliotoka shambani na bunduki zao. Tarehe 15 Agosti akaiteka Taveta. Tarehe 4 Novemba akauawa katika mapigano ya Tanga. Upande wake ulishinda siku ile, lakini yeye hakurudi shambani kwake, na mkewe akabaki mjane. Haikutimia miezi mitatu.

Habari hiyo yafundisha mambo mawili. Kwanza, uofisa si koti la kuvua na kulitundika msumarini. Wito waweza kukufuata hata ukiwa na jembe mkononi. Pili, jina la mlevi wa vita lisitamaniwe na kijana wa Kikristu. Ofisa akilewa vita, anayelipa ni askari wake, na pamoja nao wanavijiji ambao hawakuwa na ugomvi na mtu.

Injili yatupa ofisa wa namna nyingine, yule akida wa Kafarnaumu. Tazameni alivyojieleza mbele ya Bwana wetu. Alipotaka kuonyesha kwamba anaelewa amri ni nini, alitaja kwanza kwamba yeye mwenyewe yupo chini ya mamlaka; ndipo alipotaja askari walio chini yake. Utaratibu huo wa maneno si bure. Na alikuja kuomba nini? Hakuomba cheo wala ushindi. Alikuja kumwombea mtumishi wake aliyekuwa mgonjwa. Kabla ya Komunyo kila Misa twakiri kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu, nasi twasahau kwamba wa kwanza kusema hivyo alikuwa ofisa wa jeshi mwenye kuhangaikia mtu wa chini yake. Kanisa nalo halikumtupa askari. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba wanaoitumikia nchi yao jeshini wajione kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa watu, na kwamba wakitimiza kazi hiyo vema wanaijenga amani.

Basi nikaandika barua. Sikumwambia akatae. Nilimwandikia hivi kwa ufupi: Ulipokuwa mgambo ulijibu kwa ajili ya nafsi yako. Ukichelewa, wewe ndiwe uliyekaripiwa. Sasa utajibu kwa ajili ya watu thelathini, na mama zao wote wana jiko kama la mama yetu. Usidhani kwamba ukipata nyota utaamuru zaidi na kutii kidogo. Utatii zaidi. Utatii sheria, utatii wakubwa wako, na utaitii haja ya askari wako wa mwisho kabla ya njaa yako. Nchi hii imeonja uchungu wa askari wasiotii. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Hata kama madai yana haki ndani yake, bunduki haikupewa askari ili adai nayo. Jeshi lile likavunjwa, na hili la leo, JWTZ, likazaliwa tarehe 1 Septemba 1964 juu ya msingi mwingine. Wewe waenda kuvaa nyota ya jeshi hilo. Jioni, vueni viatu.

Baada ya kuipeleka barua, nawageukia ninyi wazazi, maana meza yangu imeniwekea mambo mengine ya kusema.

La kwanza: nafasi ya jeshi hainunuliwi. Matangazo ya jeshi yenyewe huonya juu ya matapeli. Hata hivyo twasikia watu wakiuza ng'ombe, au kipande cha shamba walichoachiwa na baba, wampe mtu mwenye simu mbili anayesema ana mjomba makao makuu. Pesa huliwa, kijana hubaki kijijini, na shamba halirudi. Na hata kama angeingia kwa njia hiyo, fikirini, ni ofisa gani atakayekuwa? Aliyenunua nyota atataka kurudisha gharama zake. Yohane Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaonya wasimnyang'anye mtu kitu na watosheke na mshahara wao. Neno hilo lawafaa mgambo wa sokoni na jenerali sawasawa.

La pili: kitabu cha ubatizo hakibadilishwi. Wapo waliokuja kwangu wakitaka nipunguze miaka miwili ili umri ulingane na tangazo. Wapo waliofunga ndoa mbele ya padre, na kwa kuwa jeshi huandikisha vijana wasiooa wala kuolewa, wakaomba ukurasa ule wa ndoa usionekane. Nimewajibu wote kwa upole, lakini nimewajibu jambo moja. Ndugu zangu, mwenye kuanza safari ya uofisa kwa kumkana mkewe na siku ya kuzaliwa kwake, atawezaje kukaa na wenzake gizani nao wamwamini?

La tatu: msimpe kijana woga wenu awe mzigo wake, wala msimfiche. Mwambieni kwamba mnaogopa, kisha mbarikini. Aungame kabla hajaondoka, apokee Komunyo, na jina lake litajwe katika sala za jioni nyumbani. Ndilo jibu nililompa mama hatimaye kwa lile swali lake. Nilimwambia, "Mama, ofisa naye ana mkubwa wake wa kumtazama miguu, na mkubwa huyo ana mkubwa wake. Lakini usiku, mkubwa wake akiwa mbali, wewe na rozari yako ndio mnaomtazama."

Sitawadanganya kwamba mama amefurahi. Akisikia gari limesimama njiani usiku bado hunyanyua kichwa. Lakini Alhamisi alishuka soko la Lushoto na kikapu cha mapeasi, akarudi na jozi mbili za soksi nzito, akaniambia nizitume Monduli pamoja na salamu zake.

Nikamuuliza, "Mbona mbili?"

"Moja yake," akasema. "Nyingine ya yule askari wake atakayekosa."