Besi Isiyojua Kuaga

Kazi ya sauti Fundi aliianzia Kariakoo, kwenye duka la kurudufu kaseti, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Deki moja ilicheza, nyingine zikarekodi, na kijana mmoja alikaa kuzichunga kutwa. Kaseti iliyorudufiwa kutoka kwenye kaseti iliyorudufiwa hupoteza trebo na kuongeza mvumo, na vikipita vizazi vitatu vinne, matoazi hayasikiki tena. Wateja walisikiliza wimbo. Yeye akazoea kusikiliza kilichopungua. (Jina la "Fundi" lilimganda tangu siku hizo, hata nyumbani kwake, na ndiyo maana kumbukumbu hizi anaziandika kana kwamba zinamhusu mtu mwingine.)

Aliyemfundisha kazi yenyewe ni mzee mstaafu, aliyewahi kukaa kwenye mitambo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi bendi za nchi hii zilikwenda pale RTD kurekodi. Bendi ilipiga yote kwa pamoja, na tarumbeta likizidi, mpigaji aliambiwa arudi nyuma hatua mbili. Mzee huyo alikuwa na mazoea ya kupiga kofi moja kila alipoingia kwenye chumba asichokijua, kisha akatulia.

"Shikamoo mzee. Unamwita nani?"

"Marahaba. Simwiti mtu. Nakisalimia chumba, nisikie kinavyoitikia."

Mwishoni mwa muongo huo kompyuta zilishuka bei, programu za FruityLoops na Cool Edit Pro zikaenea kwa njia wanazozijua wenyewe, na Bongo Flava ikahamia kwenye vyumba vya kupanga. Sinza, Kinondoni, Temeke, popote palipokuwa na chumba cha uani paliweza kuwa na studio: kompyuta, maiki moja, spika mbili, na ukutani trei za mayai zilizookotezwa kwa wakaanga chipsi. Trei zilibandikwa kwa imani kubwa. Lakini trei la mayai ni karatasi nyepesi tu. Linapunguza kidogo ukali wa juu, ule wa matoazi na herufi "s" ya mwimbaji, na besi inalipita kana kwamba halipo. Mwenye studio anabaki na chumba kilichofifia juu na kinachovuma chini, huku akiamini amekitibu. Halafu trei lenyewe linashika moto upesi, na sababu hiyo peke yake ingetosha kulibandua.

Tatizo lenyewe lilionekana ukichukua futi kamba. Chumba cha kupanga Dar mara nyingi ni mita 3 kwa 3, na dari nayo huwa karibu na kimo hichohicho. Joto likiwa nyuzi 30, sauti husafiri mita 349 hivi kwa sekunde. Wimbi la mita 6, ambalo nusu yake inaenea barabara kati ya ukuta na ukuta, ni la hezi 58. Chumba cha namna hiyo hulirudisha kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, yote matatu kwenye hezi 58 zilezile, na hapohapo ndipo kiki ya ngoma inapokaa.

Sasa mweke prodyuza katikati ya chumba, maana ndipo meza ilipoenea. Katikati ndipo wimbi hilo linapojifuta. Haisikii kiki, anaiongeza. Bado haisikii, anaiongeza tena. Wimbo unafika kwenye daladala ya Mbagala, madirisha yanatetemeka, dereva anapunguza besi, na msanii anabaki na sauti nyembamba ya kwenye simu. Lawama zinabebeshwa spika. Prodyuza anakopa, ananunua kubwa zaidi, anaziweka palepale. Fundi amepigiwa simu nyingi zinazoanza na "Fundi, spika zangu zina shida," na ni mara chache sana alizikuta na shida kweli.

Spika alizozipenda yeye, alizozinunua kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, ni Yamaha NS-10, zile zenye koni nyeupe. Historia yake inachekesha. Yamaha ilizitoa mwaka 1978 ziwe spika za sebuleni, na sebuleni hazikupendwa: besi haba, sauti za kati zimechomoza, trebo inakata masikio. Mafundi wa studio wakazichukua. Mmarekani Bob Clearmountain ni miongoni mwa waliozipa umaarufu, na ikawa desturi kutundika karatasi ya chooni mbele ya twita ili kupunguza ukali, mpaka kampuni yenyewe ikatoa toleo la studio lenye trebo iliyotulizwa. Zilikoma kutengenezwa mwaka 2001, baada ya malighafi ya karatasi ya koni kutopatikana tena.

Mwaka huohuo watafiti Philip Newell, Keith Holland na Julius Newell walitoa matokeo ya kuzipima kando ya spika nyingine nyingi za studio. Walitaka kujua kwa nini watu wang'ang'anie spika yenye mchoro wa masafa usiovutia namna ile. Jibu walilikuta kwenye muda. Boksi la NS-10 limezibwa, halina tundu la kupumulia, na besi yake, hata ikiwa haba, huanza upesi na kukoma upesi. Spika nyingi zenye tundu hushuka chini zaidi, lakini noti huendelea kuvuma wakati mpigaji ameshainua kidole.

Utafiti huo ulimbadilishia Fundi swali. Aliacha kuuliza besi ni kiasi gani, akaanza kuuliza inakaa muda gani.

Swali lenyewe lina umri mkubwa kuliko spika. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia wa Harvard, alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambamo kila neno lilibaki hewani zaidi ya sekunde 5, likimezwa na yanayofuata. Usiku alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders, akaliza bomba la kinanda, akapima kwa saa muda wa sauti kufa, na kabla ya kucha mito ikawa imerudi mahali pake. Fundi alifanya vivyo hivyo kwa magodoro, Temeke, kwa mteja ambaye hakutaka kutoa hela kabla ya kusikia. Magodoro ya nyumba nzima, ya sponji na yale mazito ya usufi, yalisimamishwa kwenye kona za chumba, moja nyuma ya jingine. Mama mwenye nyumba akauliza wanalala wageni wangapi. Kiki ileile, iliyokuwa ikiburuza mkia, ikawa inapiga na kunyamaza. Jioni magodoro yalirudi vitandani, na kesho yake mteja akaulizia bei ya pamba ya madini, ile ya mabunda wanayotumia mafundi wa dari na maboila.

Kona ndizo anazoanza nazo mpaka leo, kutoka sakafuni hadi darini. Robo ya wimbi la hezi 58 ni karibu mita moja na nusu, kwa hiyo sponji ya sentimita 5, hata iwe na vichuguu vya kupendeza namna gani, inafanya kazi ya pazia tu. Paneli za ukutani huzipa unene wa sentimita 10 na kuacha nafasi ya hewa nyuma yake.

Chumba kilichomstaajabisha kuliko vyote kipo Mji Mkongwe, Zanzibar. Aliitwa kurekodi kikundi cha taarab: kanuni, fidla, akodioni, dabobesi. Sakafu na dari za nyumba za mawe za kule zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Kile kilikuwa na upana wa mita 2.8. Ukipiga hesabu unapata hezi 62, jirani kabisa na noti ya B ya chini. Kila mpigaji wa dabobesi alipoigusa noti hiyo, chumba kiliimba naye. Akihama noti moja tu, kimya. Mikoko ya Rufiji, ambako boriti nyingi zilikatwa, ndiyo iliyoamua noti ipi izidi humo, muda mrefu kabla mtu hajawaza kuweka maiki. Fundi hakugusa mikseri. Alimwomba mzee wa besi asogee mpaka katikati ya upana wa chumba, ambako wimbi lile halichochewi, na noti ikakaa sawa na nyingine.

Siku hizi kupima kumekuwa rahisi. Maiki ya UMIK-1 huja na namba yake na faili la masahihisho la namba hiyo peke yake. Programu ya Room EQ Wizard, aliyoiandika John Mulcahy na inayopatikana bure, hupiga mluzi unaopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000, kisha huchora si ukubwa wa sauti tu bali na jinsi kila masafa yanavyokufa. Sonarworks wa Latvia wanauza programu inayopima na kusahihisha papo hapo. Fundi anavitumia vyote, ila mwishoni. Kwanza spika mbili na kichwa cha msikilizaji vifanye pembetatu ya pande sawa, twita ziwe usawa wa masikio, kiti kitoke katikati ya chumba. Kisha kona. Programu ikija baada ya hapo inakuta kazi ndogo ya kushusha vilima vilivyobaki. Mashimo haiwezi kuyajaza: kuongeza desibeli 10 ni kuidai amplifaya nguvu mara 10, na wimbi litajifuta vilevile.

Sauti ya kusikilizia nayo huipima, kwa mvumo wa majaribio na mita ya desibeli. Mwongozo wa ATSC, taasisi ya viwango vya televisheni ya Marekani, unapendekeza desibeli 76 kwa vyumba vidogo kabisa, na hapo Fundi hubandika kipande cha utepe kwenye kitufe cha sauti. Fletcher na Munson wa Bell Labs walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sikio huisikia besi kidogo sauti ikiwa ya chini. Msanii anayesema "ongeza, ongeza" anabadilisha miksi bila kugusa kitu.

Singeli ndiyo iliyompa wateja wapya uzeeni. Muziki huu wa uswahilini, wa Tandale na Manzese, unakwenda biti 200 kwa dakika na kuzidi, na kuna unaokaribia 300. Kwa biti 200, kiki na kiki zinapishana kwa sekunde 0.3. Chumba cha tofali la saruji kisichotibiwa kinaweza kuishikilia besi nusu sekunde. Kiki ya kwanza haijaaga, ya pili imeshaketi, ya tatu inapiga hodi. Vijana hawa, ambao miksi yao itapigwa kwenye maspika ya sherehe za kigodoro barabarani, wanamuelewa haraka kuliko wengi aliowahudumia, kwa sababu masikio yao yameshazoea kuhesabu mapengo.

Mmoja wao, wa Manzese, alikuwa na KRK za inchi 8 zenye koni za njano, zimejaa chumba cha mita 3. Fundi alipomwonyesha mchoro, kijana akauliza, "Kwa hiyo mzee, spika gani ninunue?" Akaambiwa anunue mbao. Aliuza zile za inchi 8, akachukua za inchi 5, na salio likaishia kwenye pamba ya madini, mbao na kitambaa cha kufunikia. Msanii wa kwanza kuingia alitazama huku na huku, akataka kujua nani ameiba spika.