Mkono wa Kudaka

Wanaoniona nikicheza spina, kile kidude cha mbawa kinachozungushwa vidoleni, hapa jeti ya Mtangawanda kisiwani Pate huniuliza jambo moja tu: unairusha vipi? Sijapata kuulizwa naidaka vipi. Na mimi naona kurusha si kitu. Mtoto anayeanza kutambaa hurusha kijiko, akarusha kiatu, akarusha chochote atakachopewa. Kazi imo kwenye mkono unaopokea, na mkono huo, kwa wengi wetu, ni wa kushoto, ambao tangu tuzaliwe haukufunzwa lolote ila kukaa kando wakati wa kulia ukila.

Kazi yangu ni boda. Abiria wangu huja kwa maji. Boti zitokazo Lamu hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari baina ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, na miaka ya nyuma maji yakipwa sana palikuwa hapapitiki kwa urahisi. Kwa hiyo saa ya boti ilikuwa ikipangwa na mwezi, si na simu ya mtu. Aendaye Pate, Siyu au Faza akishuka hapa atataka pikipiki, ama gari likiwapo, ama atembee kama ana kifua. Mimi huwa nishafika zamani, nimeegesha, nasubiri. Wenzangu wana karata, wana miraa, wana simu. Mimi nina spina.

Mchezo huu ulivuma duniani mwaka 2017. Kwa miezi michache kila mtoto wa Ulaya na Marekani alikuwa nayo mkononi, shule nyingi zikaipiga marufuku, na kabla mwaka haujaisha wengi walishaisahau kwenye madroo. Kwetu ilifika wenyewe wakiwa wamechoka nayo. Yangu ya kwanza ni ya plastiki, ilitoka Mombasa, ina mbawa tatu kama zilivyo nyingi. Sikuona hasara ya kuchelewa: aliyechelewa hukuta video zote zimeshawekwa.

Video nazo zina jambo lake. Mchezaji hukaa amekuelekea, kwa hiyo mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Ukimwiga vile unavyomuona, kila kitu kinageuka. Mimi nilipata njia: naishikilia simu nyuma ya bega, namtazama mchezaji ndani ya kioo cha pikipiki, na hapo mkono wake wa kulia unakuja upande wangu wa kulia. Wapitao hudhani natazama ndevu zangu. Halafu naipunguza kasi ya video mpaka robo, kwa sababu kwa kasi yake ya kawaida huoni chochote ila mtu anayejisifu.

Nilisoma pia kisa cha Catherine Hettinger wa Florida, ambaye magazeti ya 2017 yalimtangaza kuwa ndiye mvumbuzi, na kwamba alipoteza hataza yake mwaka 2005 kwa kukosa ada ya kuihuisha. Watu walimhurumia sana. Baadaye ikabainika kwamba chombo alichokibuni yeye ni kingine, hakina beringi ndani. Kwangu mimi habari inaishia hapo. Kitu kisicho na beringi hakihusiani na mchezo huu, kwa sababu ni beringi inayokuruhusu kushika kitovu mkono wako ukiwa umetulia huku mbawa zikizunguka. Bila hiyo hakuna pa kubana, na bila pa kubana hakuna pa kudaka.

Beringi ya spina za kawaida ni ile iitwayo 608: upana milimita 22, tundu la kati milimita 8, unene milimita 7. Ndiyo hiyo hiyo ya magurudumu ya viatu vya kuteleza. Ndani mna gololi ndogo za chuma, na juu na chini kuna vifuniko viwili vya kushikia. Uzito umewekwa mwishoni mwa mbawa kwa sababu uzito ukiwa mbali na kitovu huendelea kuzunguka muda mrefu zaidi kuliko ukiwa karibu. Mafundi wa kampuni ya Kijapani MinebeaMitsumi walitengeneza moja iliyozunguka zaidi ya dakika 24 kwenye kidole kimoja. Naiheshimu kazi yao, ila mtu wa mbinu hana haja na dakika 24. Mbinu ndefu kabisa ninayoijua humalizika kabla hujavuta pumzi ya pili.

Tatizo letu sisi wa pwani ni chumvi na mchanga. Upepo wa kusi ukianza, hata kitasa cha mlango hupata kutu, sembuse gololi zisizofikia ukubwa wa punje ya choroko. Fundi wangu wa pikipiki ndiye aliyenionyesha namna ya kuisafisha. Unang'oa vifuniko kwa kucha, unainua kibati chembamba kinachofunika gololi kwa ncha ya pini, unaiosha beringi kwa petroli mbali na moto, unaipuliza, unaiacha ikauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja kweli. Grisi ni ya gurudumu linalobeba abiria wawili na gunia la mkaa; spina haibebi mtu, grisi humo inaifanya nzito bure. Na vile vifuniko vikiwa vimetolewa, visiachwe penye watoto wadogo. Mwaka ule wa 2017 idara ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa onyo juu ya watoto kumeza vipande hivyo, na sioni kwa nini koo la mtoto wa Pate liwe tofauti.

Sasa mkono wenyewe.

Mwanzo ni kubana: dole gumba juu, kidole cha kati chini, kidole cha pete kinachapa ubawa. Fanya hivyo kwa mkono mmoja tu, bila kuusaidia na wa pili. Mkono wa kulia utaelewa mara moja. Wa kushoto utalala. Uache ulale lakini usiuache bila kazi. Mimi nilikuwa nachapa kwa kushoto tu nikiwa nimekaa juu ya pikipiki, kwa muda mrefu sana, wenzangu wakanicheka kwamba nimepooza upande mmoja. Kidole cha pete cha kushoto ndicho kivivu kuliko vyote mwilini, na hakijui aibu.

Ikishazunguka vizuri, ondoa dole gumba polepole. Spina itabaki imesimama juu ya kidole cha kati. Hapa ndipo mtu anapokutana na tabia yake. Spina iliyotulia ukiiinamisha hukubali. Inayozunguka hukataa, na ukiilazimisha kwenda mbele, yenyewe huelekea kando. Aliyecheza pia utotoni ameshaiona hali hiyo: pia inayozunguka kwa kasi ikiinama haianguki, huzungusha kichwa tu, na kadiri inavyochoka ndivyo inavyokizungusha zaidi. Tofauti ni kwamba pia husimama ardhini, na ardhi haitetemeki. Spina imesimama juu ya mtu.

Tabia hiyo ndiyo inayoamua kila kitu katika kurusha. Ukiizungusha kwa nguvu, ikipaa hubaki imelala sawasawa kama ilivyotoka mkononi, na ikishuka vifuniko viko pale pale unapovitarajia. Ukiizungusha kidogo hutikisika hewani, hushuka upande, ukakamata ubawa badala ya kitovu. Waoga huizungusha polepole wakidhani wanajikinga, na wao ndio wanaopigwa vidole. Kinyume chake ni zile mbinu za kuipindua hewani, juu iwe chini: hizo zataka mzunguko wa wastani, kwa sababu yenye kasi sana haitaki kupinduliwa.

Kuna mzee hapa aliyekuwa akicheza kirumbizi zamani. Kwa asiyekijua, kirumbizi ni mchezo wa fimbo wa Lamu, huchezwa Maulidini na harusini, watu wawili na fimbo zao, ngoma na zumari nyuma, mmoja anapiga na mwingine anakinga. Mzee huyu alikuja kusubiri boti ya mwanawe, akanitazama nikirusha kutoka kulia kwenda kushoto. Hakusema neno mpaka nikadhani kasinzia. Kisha akasema:

"Wakifuata. Kiwate kiye." Yaani nakifuata; nikiache kije.

Nikamuuliza, "Ami, kikianguka je?"

"Na kianguke."

Akanyoosha kiganja, akanambia nimwekee fimbo yake kwa kuiachia kutoka juu. Ilipogusa kiganja, mkono wake ulishuka nayo kidogo, ukatulia. Hakukuwa na sauti ya kupigana baina ya mti na nyama. Nikaona kila kitu. Anayeanza huinua mkono kwenda kukilaki kinachoshuka, na viwili vikikutana kwa kasi, kinaruka. Mkono unatakiwa ukae chini ya pale kitakapofika, vidole vikiwa wazi kidogo kuliko unavyofikiri, ushuke pamoja nacho, ndipo ubane.

Tangu siku hiyo nikiwafundisha vijana sianzi na kurusha. Mmoja huidondosha spina inayozunguka, mwingine hudaka kwa mkono wa kushoto, kwa kimo cha shibiri moja tu. Wakichoka wanabadilishana. Vijana hawapendi, wanaona ni kazi ya watoto, wanataka ile ya nyuma ya mgongo waliyoiona kwenye video. Nawaambia ile ya nyuma ya mgongo ni kudaka huku huoni. Sasa wewe unayeshindwa huku unaona utafika wapi?

Shibiri moja ina sababu nyingine. Mwishoni mwa 2017 wanaanga wa NASA walirekodi video wakiwa na spina ndani ya kituo cha anga cha kimataifa. Ukiitazama utaona kwamba ikiachiwa ielee, msuguano wa beringi huvuta na kile kitovu, mpaka spina nzima inazunguka pamoja, kitovu na mbawa. Jambo hilo hilo hutokea hewani hapa Mtangawanda, ila yetu huanguka kabla halijakamilika. Kadiri unavyoirusha juu, ndivyo vifuniko navyo vinavyozidi kuzunguka, na vidole vikivibana vinateleza. Kwa hiyo anayerusha juu hadi kwenye matawi anajitafutia kazi ngumu bila faida. Fupi ndiyo safi.

Mahali pa kujifunzia ni juu ya mkeka. Mchangani hapafai hata kidogo: ikianguka mara moja tu beringi imeshajaa mchanga, na ukaanze na petroli upya. Juu ya jeti ni kujitakia, maji hayarudishi. Na wenye vikoi wajue kwamba ile mbinu ya kupitisha chini ya goti haikubuniwa na mtu mwenye kikoi. Ama ukikunje vizuri, ama uiruke mbinu hiyo, ama uwachekeshe abiria. Spina za chuma ni nzuri kwa uzito, zinatulia hewani kuliko za plastiki, lakini kwa kuanzia zinauma kucha. Anza na plastiki, utaikosa mara nyingi na kidole kitakushukuru.

Ikishakaa sawa kulia kwenda kushoto na kurudi, mengine huja yakifuatana: kuhamisha kutoka kidole cha kati kwenda cha shahada kwa kirusho kidogo mno kisichoonekana, kuishusha juu ya mgongo wa mkono na kuinua tena, kuweka moja juu ya nyingine zote zikizunguka. Hii ya mwisho ni ya kuonyesha watu. Mkono haujifunzi kitu humo.

Wauzaji walisema spina hutuliza, kwamba humsaidia mtoto asiyetulia darasani. Madaktari waliopitia utafiti mwaka 2017 hawakuona ushahidi wa maneno hayo, na mimi nilivyoishi nayo nawaunga mkono. Kuichezea tu bila nia, pengine. Vidole vikipata cha kushika mtu hupunguza kelele, wazee wengi wanalijua hilo. Lakini kujifunza mbinu hakutulizi. Kunakasirisha. Nimewahi kumchelewesha abiria kwa sababu kidole kimoja kilikataa kunisikia, na abiria yule akanisema mpaka Siyu.

Mpwa wangu ana umri wa shule ya msingi. Alianza na mkeka na shibiri moja, mkono wa kushoto, kama nilivyotaka mimi, hakubisha kama wakubwa. Siku hizi anairusha nyuma ya mgongo kwa kulia, anaidaka kwa kushoto juu ya bega, na hapo hapo anaisimamisha kwenye kidole kidogo. Hiyo ya kidole kidogo mimi siiwezi, wala sijaiona kwenye video yoyote. Nimemwomba aifanye polepole nimtazame. Anasema polepole haifanyiki. Nimemwomba basi aifanye nikiwa nyuma yake. Anataka kwanza apelekwe Siyu na kurudishwa, bure, na awe yeye ndiye anayekaa mbele.