Pano ya jua juu ya Hiace yetu

Tangu mwezi wa tano wengi mnaniuliza ile sahani nyeusi iliyo juu ya gari yetu ni ya kazi gani, na kama ni kweli tumegeuza Hiace kuwa nyumba. Nyumba ni neno kubwa. Lakini mwenye kwenda kununua samaki Kasenga anajua: kutoka Lubumbashi ni kilometa 200 na zaidi, unafika jioni, na wavuvi wanaleta samaki asubuhi mapema. Usiku unalala ndani ya gari. Mimi na shemeji yangu tunalala hivyo karibu kila juma, na yeye ana mtoto anayenyonya.

Baridi tunavumilia, na mbu tuna chandarua. Shida yetu ilikuwa giza. Mtu anagonga mlango, humuoni uso. Unahesabu pesa kwa kupapasa. Telefone imezimika, hata kuuliza nyumbani kama watoto wamekula bukari huwezi. Sisi watu wa nchi ya shaba, tuliojengewa mstari wa umeme wa kilometa 1,700 kutoka Inga mpaka Kolwezi, unaofanya kazi tangu 1982 kwa ajili ya madini, usiku kwenye barabara ya Kasenga tunamulikiana na kitochi!

Kwa hiyo shofere alikuwa akiwasha taa na kuchaji telefone kwa batri ileile inayowasha moteri. Mwezi wa tatu, tukirudi, tulilala karibu na Kasomeno kwa sababu ya mvua. Kulipokucha gari ikakataa kuwaka. Ndani mlikuwa na masanduku manne ya makobo, barafu inayeyuka. Lori la kutusaidia lilipita jua likiwa limekwisha kupinda. Samaki tuliuza nusu ya bei. Na ile pesa ilikuwa ya likelemba. Mwenye zamu ya juma lile alikuwa akiingojea kulipa minervali ya mtoto wake wa sekondari. Nilikwenda kwake mwenyewe kumweleza. Hakunigombeza, na hiyo iliniuma zaidi.

Fundi wa umeme wa kwetu alisema kitu kimoja ambacho naona ndicho kikubwa kuliko vyote: batri ya moteri iachwe na moteri. Taa na telefone zipate batri yao ya pili, na hiyo ilishwe na jua. Kati ya pano na batri kunakaa regilateri, chombo kidogo kinachozuia batri isijae kupita kiasi. Karibu na batri kuna fyuzi, kwa sababu waya ukichubuka ndani ya gari ya chuma unaweza kuleta moto, na sisi tunalala humo.

Baba watoto alitaka firigo. Tulibishana siku tatu, nikachukua daftari. Taa mbili za wati 5, zikiwaka saa 5, zinakula wati-saa 50. Telefone nne, tuseme 60. Feni ndogo ya mtoto, ya wati 15, saa 6: 90. Jumla 200. Pano ya wati 100, siku nzuri ya kiangazi, inatoa kama 400. Siku ya mawingu inashuka sana. Firigo ndogo ya gari, ya wati 50, hata ikifanya kazi nusu ya siku tu, inataka 600 peke yake. Na masanduku manne ya makobo yataingia wapi humo? Zamani Wagriki walipeleka samaki wa Kasenga mpaka Élisabethville kwa barafu. Barafu bado inatosha. Niliweka zamu yangu ya likelemba kwenye taa.

Mengine ni madogo lakini yana maana. Pano tumeilaza, ingawa mwezi wa sita jua letu linaegemea upande wa kaskazini. Gari inageuka kila saa, utaielekeza wapi? Tumeacha nafasi ya vidole vitatu kati yake na paa ili upepo upite, maana pano ikipata joto kali inapunguza nguvu. Vumbi jekundu tunalifuta kila tukifika. Na shofere amekatazwa kusimama chini ya muembe: kivuli cha tawi moja kinaharibu kazi ya pano nzima. Analalamika kwamba kiti kinamchoma.

Shemeji sasa anaacha taa moja ndogo usiku kucha kwa ajili ya mtoto. Mtu akigonga, tunawasha ya nje kwanza, tunamtazama, ndipo tunajibu.

Baba watoto bado anataka firigo. Siku ya posho nilimkuta juu ya paa na mita mkononi. Anasema nafasi ya pano ya pili iko.