Nilimpa Bibi Kifo Kisichokuwa na Ushahidi

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma. Karatasi za mzigo zikiwa na tarakimu moja iliyokosewa, lori halivuki kwenda Nakonde, na mimi ndiye wa kwanza kufoka. Kwa hiyo sina pa kujificha.

Bibi mmoja wa Mbozi aliniomba nimtafutie habari za baba yake. Alichojua ni kwamba aliingia Keya, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, akapanda meli Mombasa, hakurudi. Jina nililipata kwenye orodha ya ukumbusho wa vita ulioko Nairobi: askari wa mizinga, Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Kikosi hicho kilisafiri kwa Khedive Ismail, meli ya abiria ya mwaka 1922 iliyogeuzwa kubeba jeshi. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, ikielekea Colombo, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo mbili. Kati ya watu 1,511 walipona 214.

Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, ziliisaka nyambizi hiyo kwa mabomu ya chini ya maji huku walionusurika wakiogelea papo hapo. Nilipofika hapo niliacha kusoma. Kisa kilikuwa kimeshanoga.

"Bibi, baba yako aliuawa na mabomu ya Waingereza aliokuwa akiwapigania."

Aliuliza jambo moja tu: "Watu wake wenyewe?" Nikaitikia, tena kwa kujiamini. Habari ikafika kanisani, misibani, kwa wajukuu.

Nilikuja kusoma mengine baadaye. Meli ile ilizama ndani ya dakika tatu hivi, na wengi wa waliokufa walizama nayo. Mabomu yaliua watu majini, ni kweli, na simtetei aliyeyaamuru, ingawa nyambizi ikiachwa ingeweza kuzigeukia meli nyingine za msafara. Lakini hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba mzee yule alifika majini akiwa hai. Nilimchagulia kifo kilichofaa kusimuliwa.

Nilirudi Mbozi nikamweleza bibi yote. Akanitazama. "Sasa mjukuu wangu, ulikuwa na haraka ya nini?" Sikuwa na jibu.

Kama ulikisikia kisa hiki Vwawa au Mlowo, mwambie aliyekusimulia kwamba aliyekosea ni mimi, si bibi.