Turkana: Jengo Linalopumua Lenyewe

Msomaji, unaujua ule ugomvi wa saa saba usiku? Mmoja anataka feni izunguke kasi ya mwisho, mwingine anavuta shuka na kulalamika mafua. Nyumba ni mpya, mabati yanang'aa, mkopo wa benki bado unakatwa kwenye mshahara, lakini chumbani ni tanuri! Kabla hamjalaumiana, fungeni mizigo twende Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya. Huko ndiko kwenye joto la kweli, na huko kuna jengo linalopozwa na upepo.

Karibu Lodwar
Ukishuka Lodwar, makao makuu ya kaunti, jua linakupokea kabla ya mwenyeji wako. Mchana, nyuzi 35 ni jambo la kawaida kabisa. Kando ya mto Turkwel utaona mikoma, ile minazi ya jangwani, ambayo majani yake wenyeji Waturkana huezekea vibanda vyao vya duara. Ukiendelea mashariki unafika Ziwa Turkana, ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyomo jangwani. Maji yake ni ya kijani cha zumaridi, na kwa kuwa uko ufukwe wa magharibi, asubuhi jua linachomoza ziwani mbele ya macho yenu. Kwa wapenzi wasioogopa vumbi, hapo ni bomba.

Vichuguu vya kompyuta
Juu ya mwinuko unaotazama ziwa pamesimama Startup Lions Campus, chuo kilichokamilika mwaka 2021 ili vijana wa huko wajifunze kazi za kompyuta bila kukimbilia Nairobi. Kwa mbali utadhani ni vichuguu: minara mirefu yenye rangi ya udongo mwekundu. Na kweli, mchoraji aliiga vichuguu vya eneo hilo.

Siri yake ni rahisi. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda na kutokea juu kwenye mnara. Ikitoka, hewa yenye nafuu inaingia kupitia matundu yaliyowekwa chini ukutani. Kuta ni za mawe ya huko huko, na nje kuna vibaraza vyenye kivuli. Jengo linapumua lenyewe!

Kutoka useremala
Aliyelichora ni Francis Kéré, aliyezaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso. Kijijini kwao hakukuwa na shule, akapelekwa mjini angali mtoto kusoma katika darasa lililojaa watu na joto. Baadaye akawa fundi seremala, akapata nafasi ya masomo Ujerumani, na huko akajiendeleza hadi chuo kikuu Berlin.

Hakusubiri cheti. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha fedha ili Gando ipate shule ya msingi, na ikakamilika mwaka 2001. Alihitimu usanifu majengo mwaka 2004, na mwaka huo huo shule hiyo ikashinda Tuzo ya Aga Khan.

Si kwamba kijiji kilimpokea kwa vigelegele. Shule ya udongo? Wakati kila masika watu wanakarabati nyumba za udongo? Kasheshe! Jibu lake lilikuwa kuchanganya udongo na saruji kidogo kwenye matofali, kisha kuinua paa la mabati juu kabisa ya dari ya matofali ili upepo upite katikati. Paa hilo limetokeza nje, mvua haipigi ukuta. Kenchi zake ni nondo za kawaida, na wanakijiji wenyewe ndio waliojenga. Wakabaki na ufundi mikononi, wa kuombea kazi kwingine.

Hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Msanifu wa aina hii ni mwalimu pia: akiondoka, ujuzi unabaki. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote za usanifu majengo.

Na wewe je?
Kama fani hii inakuvutia, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi wanafundisha usanifu majengo. Lakini usidharau kuanzia kwenye useremala au uashi, umeona mwenyewe.

Na nyie mnaojenga, kaeni na mchora ramani wenu kabla ya msingi kuchimbwa. Muulizeni: kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na jioni lipige zile fupi tu? Hewa ya moto itatokea wapi juu? Paa limetokeza vya kutosha kutupa kivuli madirishani? Mti gani unabaki kiwanjani? Akishindwa kujibu, tafuteni mwingine. Kubadilisha ramani ni karatasi tu. Kubomoa ukuta ni mkopo mwingine.